Fahamu: Kwa nini hukumu moja Marekani humnyima mtu kura, nyingine haimnyimi

Novemba 2024 Donald Trump alipiga kura Florida, miezi michache baada ya kutiwa hatiani New York kwa makosa 34 ya jinai. Iliwezekanaje?

Katiba ya Marekani inayaachia majimbo nafasi kubwa ya kuamua nani apige kura. Maine na Vermont, mfungwa hupiga kura akiwa gerezani. Kwingineko hukumu humwandama hata akishaachiwa. Kwa aliyehukumiwa nje, Florida hufuata sheria ya jimbo lililomhukumu, na New York humzuia tu aliye kifungoni. Trump hakuwa kifungoni.

Aliyehukumiwa Florida kwenyewe ana kazi. Mwaka 2018 karibu asilimia 65 ya wapiga kura waliamua waliomaliza adhabu warudishiwe haki, isipokuwa wauaji na wahalifu wa ngono. Mwaka uliofuata wabunge wa jimbo wakaongeza sharti: lipa kwanza faini, ada za mahakama na fidia. Mahakama ya rufaa ya shirikisho ikaliridhia mwaka 2020, ingawa kutoza kodi ya kupigia kura katika uchaguzi wa kitaifa ni marufuku tangu 1964. Majaji walisema madeni hayo ni sehemu ya adhabu, si kodi. Kwa asiye na kitu mfukoni, tofauti hiyo haina maana.