Sahani Nyeupe na Ziwa la Mji

Wasikilizaji wetu, tukitaka kujua hali ya ziwa lililo kando ya mji, chombo cha kwanza ni sahani nyeupe, upana wake sentimita 20, iliyofungwa kamba yenye alama za kina. Padre Angelo Secchi wa Italia, mtaalamu wa nyota, ndiye aliyejaribu sahani za namna hiyo baharini mwaka 1865. Huteremshwa upande wa mashua wenye kivuli, karibu na saa sita ya mchana. Ikipotea machoni twaandika kina. Twaivuta juu mpaka ionekane tena, twaandika. Katikati ya vipimo hivyo viwili ndicho kipimo chetu.

Basi, katika Ziwa Washington, ubavuni mwa mji wa Seattle huko Marekani, hapo mwaka 1963 sahani wakati wa kiangazi ilipotea kwenye mita 1 hivi. Je, maji machafu yalimwagwa mabichi? Sivyo. Yalikuwa yamekwisha kupita katika mitambo ya kuyasafisha. Vitu vya kuoza viliondolewa, lakini fosforasi, isiyoonekana wala kunuka, ilibaki, nayo kwa vijimea vya majini ni kama samadi shambani. Mwaka 1955 W. T. Edmondson na wenzake walikuwa wamekwisha kuona dalili, yaani kijimea Oscillatoria rubescens, ambacho zamani kilitokea katika ziwa la Zürich lilipoanza kuharibika.

Mwaka 1958 wenyeji walipigishwa kura juu ya kazi hiyo na gharama yake. Mara ya kwanza walikataa (kodi haina rafiki), mara ya pili wakakubali. Toka 1963 mpaka 1968 mabomba makubwa yaliyahamisha maji hayo mpaka baharini, Puget Sound. Fosforasi ikapungua, na vijimea vikapungua pamoja nayo. Nitrojeni haikupungua kwa kadiri ile, na hapo ndipo ilipojulikana ni ipi iliyokuwa samadi yenyewe.

Lakini sahani haitambui vijidudu vya ugonjwa. Maji mangavu yaweza kuwa nayo. Kwa hiyo mahali pa kuogea katika ziwa lile maji huchotwa kila juma wakati wa kiangazi, katika chupa safi isiyo na vijidudu, yakapimwa kama yana vijidudu vya matumboni. Vikizidi, watu huzuiwa kuoga. Na mara nyingi wenye kosa si mabomba, bali ni mabata.