Kilema cha Ukubwani: Kukakamaa na Kufupika

Kiswahili kina majina mengi ya viungo vilivyopotoka. Mkono wa kigosho ni ule uliopindika. Matege ni miguu iliyopinda kwa nje. Kibiongo ni mtu mwenye mgongo uliopinda. Majina haya hutaja umbo lilivyo, wala hayasemi lilivyopatikana. Kwa aliyezaliwa nalo huenda yakatosha. Kwa mtu mzima aliyekuwa na afya jana hayatoshi, maana kilema chake kina mwanzo, na mwanzo huo ndio unaomhusu daktari.

Mfano ulio wazi ni mtu aliyepatwa na kiharusi. Mara nyingi mkono hulegea kwanza. Baada ya siku au majuma hukaza, kiwiko hujikunja, vidole hufumbata, na ncha ya mguu huelekea chini. Hapo watu husema mkono umekakamaa, na neno hilo ni sawa: ubongo hauwezi tena kuilegeza misuli. Lakini msuli (neno ambalo pia ni jina la nguo ya kiunoni) ukikaa muda mrefu umekunjwa, hubadilika wenyewe. Hufupika na kuwa mgumu, na nyama zinazozunguka kiungo hufuata. Hilo ni jambo la pili, nalo lastahili neno lake, yaani kufupika. Tofauti hujulikana mgonjwa akitiwa dawa ya usingizi: mkono uliokakamaa tu hulegea, uliofupika haunyoki. Matibabu nayo hutengana. Dawa ya kulegeza haiwezi kurefusha kilichokwisha kufupika. Hicho hufungwa plasta inayobadilishwa mara kwa mara, au ukano hurefushwa kwa kupasuliwa.

Neno mshipa huzidi kuchanganya mambo, kwa kuwa hutumika kwa njia ya damu, kwa neva, na hata kwa ukano. Katika ugonjwa alioueleza Guillaume Dupuytren mjini Paris mwaka 1831, vidole hujikunja, aghalabu cha pete na cha mwisho, bila msuli wala neva kuwa na kasoro: utando ulio chini ya ngozi ya kiganja ndio unaofupika. Katika ukoma neva ndiyo iharibikayo, misuli midogo ya mkono hupooza, na vidole hupinda kama makucha. Mtazamaji aweza kuiita mikono yote miwili kigosho, na kusema kwamba mishipa imekaza. Aandikaye maelezo ya hospitali afadhali aliache neno mshipa, atumie neva, msuli, ukano na utando, kila moja mahali pake. Na kigosho akiweke kwa mkono usioweza kunyoka hata mgonjwa akiwa usingizini.