Maji Yanapotikiswa Ndani ya Tangi

Kila aliyepata kuchota maji ajua kwamba ndoo haimwagiki kwa sababu ya kujaa tu. Humwagika kwa sababu ya mwendo. Mchukuzi akitembea kwa hatua zinazopatana na mchezo wa maji, kila hatua huongeza wimbi, na mara mabega yamelowa. Ndiyo maana mama zetu huweka majani juu ya maji, ili wimbi lisikue.

Jambo hili dogo huwasumbua sana wajenzi wa mitambo ya umeme wa nyuklia. Fueli iliyokwisha tumika huwekwa ndani ya birika lenye kina cha mita 12 hivi, maana maji huipoza na kuzuia mionzi. Je, nchi ikitetemeka? Tarehe 16 Julai 2007 Wajapani walijionea katika mtambo wa Kashiwazaki-Kariwa. Maji ya birika yalirukaruka, yakamwagika sakafuni, na kiasi cha lita 1,200 kikapenya mpaka baharini. Mionzi iliyokuwamo ilikuwa kidogo sana, lakini hakuna aliyekusudia maji hayo yatoke.

Sisi wa Ufipa tusidhani mambo haya ni ya Wajapani peke yao. Uwanda wetu umekaa baina ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, katika Bonde la Ufa, na tarehe 13 Desemba 1910 nchi hii ilitikiswa na tetemeko ambalo wataalamu hulikadiria kuwa la kipimo cha 7.4. Tanzania haina mtambo wa umeme wa nyuklia, lakini matangi tunayo, tena tumeyapandisha juu ya minara. Na lita 5,000 za maji ni tani 5 juu ya vichwa vyetu.

Mhandisi Mmarekani George Housner alifundisha kuyagawa maji ya tangi mafungu mawili katika hesabu. Ya chini huenda pamoja na tangi kana kwamba ni jiwe; ya juu hucheza kwa wakati wake yenyewe. Chombo kikiwa kipana, mchezo huwa wa polepole. Nilipima kwa saa: wimbi la ndoo lilienda na kurudi mara 20 katika sekunde 11 na kitu, yaani karibu sawa na hatua za mtu. Birika la urefu wa mita 12 huhitaji sekunde 4 hivi kwa mara moja tu.

Wimbi likivunjika na kupiga ukuta, hesabu hiyo haitoshi, ndipo huitwa kompyuta. Njia moja, iliyobuniwa mwaka 1977 kwa ajili ya kuchunguza nyota (ajabu!), huyafanya maji kuwa chembe nyingi mno. Kila chembe hupimwa jinsi jirani zake wanavyoisukuma, husogezwa kidogo, kisha hesabu huanza tena, maelfu ya mara.

Lakini kompyuta hutii hata ikipewa uongo, nami siamini picha zake mpaka zilinganishwe na pigo la kweli. Mwaka 1988, katika maabara ya Sandia huko Marekani, ndege ya vita ya Phantom ilisukumwa kwa roketi, mita 215 kwa sekunde, ikapiga ukuta wa zege wenye unene wa mita 3.66. Matangi yake yalijazwa maji badala ya mafuta. Ndege ikawa vipande, maji yakawa ukungu, na vyombo vikaandika nguvu ya pigo. Ilionekana kwamba sehemu kubwa ya nguvu ile ilitokana na uzito uliosimamishwa ghafula, wala si ugumu wa bati. Vipimo hivyo bado hutumiwa kuzijaribu programu mpya.