Jiwe Lipimwe Kabla ya Baruti

Kwenye maduka ya pembejeo ya Nshamba, wilayani Muleba, mkulima wa kahawa anaifahamu mifuko miwili, CAN na urea. CAN ni nitrati ya amonia iliyotulizwa kwa chokaa. Nitrati hiyo isipotiwa chokaa, ikachanganywa na dizeli kwa uwiano wa 94 kwa 6, ndiyo baruti inayovunja miamba katika migodi mingi duniani, kwa sababu ni rahisi na haisumbui kuitumia. Shida huanza inapokutana na mwamba wenye salfaidi, yaani chuma kilichoungana na salfa. Salfaidi ikipata hewa na unyevu huoza na kutoa chumvi za chuma na asidi, na hizo zikigusa nitrati huzaa joto. Joto huharakisha mmenyuko, mmenyuko nao huongeza joto, moshi wa kahawia hutoka kwenye tundu lililojazwa baruti, na baruti inaweza kulipuka watu wakiwa bado wanajaza matundu ya jirani.

Majabali ya Muleba na Bukoba ni mawe ya mchanga ambayo kwa kawaida hayana salfaidi ya kutisha, hivyo mwenye machimbo ya kokoto huko hana haja ya kubebeshwa gharama ya kupima mwamba kabla ya kulipua. Kabanga, wilayani Ngara, ni habari nyingine kabisa ingawa ni mkoa huohuo wa Kagera. Nikeli yake imekaa ndani ya salfaidi nzito, nyingi ikiwa pairotaiti. Kampuni ya Tembo Nickel, ambamo Serikali ina hisa za asilimia 16, ilipata leseni kubwa ya uchimbaji mwaka 2021. Hesabu za mradi kama huo huzungumzia nikeli, kobalti na shaba. Hesabu ya usalama wa tundu la baruti nayo ianze mapema, sampuli zikiwa bado mbichi.

Kipimo chenyewe hakina makuu. Katika utaratibu uliokomaa Australia, ambako miamba ya shale nyeusi ya Pilbara imewafundisha watu adabu, gramu 18 za unga wa jiwe huchanganywa na gramu 18 za nitrati pamoja na myeyusho kidogo wa chumvi za chuma unaoiga kuoza kwa mwamba. Mchanganyiko huwekwa kwenye nyuzijoto 55 kwa siku kadhaa huku kipimajoto kikirekodi. Joto likipanda juu ya lile la tanuri, jiwe limejieleza. Kisha kipimo hurudiwa kwa baruti iliyotiwa kizuizi cha mmenyuko huo, na hapo ndipo mfuko wa pili wa Nshamba unaporudi: kizuizi kinachotumika sana ni urea.

Wapo watakaosema, basi tia urea kila mahali na yaishe. Hoja hiyo ina uzito, ila kiasi kinachotosha mwamba mmoja huenda kisitoshe mwingine, na pia hutegemea muda ambao baruti italala tunduni. Anayezidisha bila kupima hulipia nguvu ya mlipuko anayoipoteza. Anayepunguza bila kupima anacheza na roho za watu. Wengine watasema muuza baruti hupima mwenyewe. Apime, lakini matokeo yake yapate jicho la pili lisilouza kitu, yaani maabara ya hapa nchini. Pingamizi gumu zaidi ni kwamba mgodi mmoja hautoshi kulisha maabara. Ni kweli kwa maabara mpya, si kwa iliyopo: Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini (GST) iko Dodoma, na kuiongezea tanuri, vipimajoto na wataalamu waliofunzwa kazi hii si mzigo wa kuutisha mradi wa nikeli. Tena mwamba hubadilika kadiri mgodi unavyozama, kwa hiyo sampuli hazitakoma.

Bajeti ya baruti ya Kabanga isipitishwe bila fungu la kupima mwamba, na fungu hilo litaje maabara iliyo ndani ya Tanzania.