Uzamili wa Anatomia Bila Kuacha Kazi

Muuguzi wa Mombasa aweza leo kusomea anatomia ya mwanadamu kwa ngazi ya uzamili pasi na kuacha ajira wala kuihama familia yake. Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, ni miongoni mwa vinavyofundisha somo hili kwa njia ya intaneti.

Faida yake ni bayana. Mifupa 206 ya mtu mzima huzungushwa kwenye kioo cha kompyuta, misuli ikabanduliwa tabaka kwa tabaka, na lililosahauliwa likarudiwa. Hata hivyo, kioo hakina mguso: kano na mshipa wa fahamu huweza kufanana machoni, vidole vikavitofautisha. Mwenye busara hutafuta pia maabara yenye viungo halisi, japo kwa siku chache.

Gharama nzito kuliko karo ni usiku. Majira ya baridi, darasa la saa moja jioni Uingereza huku huwa saa nne. Basi, kabla ya karo kulipwa, mume na mke na wakae washauriane: nani atawalaza watoto, nani ataamka alfajiri, na usiku upi vitabu vitafungwa. Shahada huandikwa jina moja. Mkesha ni wa nyumba nzima.