Tozo za Barabara za Kielektroniki na Dereva wa Njia ya Nimule: Funzo la Kisiwa cha Singapore kwa Juba

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna tozo za barabara za kielektroniki zinavyofanya kazi kwa upande wa dereva, na masharti yanayohitajika ili mfumo huo ufae katika barabara inayounganisha Juba na mpaka wa Nimule. Kipimo kinachotumiwa ni Singapore, kisiwa kidogo kilichoanza kutoza magari kwa njia ya kielektroniki mwaka 1998. Mifano ya Kampala, Nairobi na Dar es Salaam inaonyesha jinsi mfumo wa aina hiyo ulivyopokelewa katika Afrika Mashariki. Hoja kuu ni kwamba faida ya kwanza ya tozo ya kielektroniki kwa dereva wa Juba si kasi, bali ushahidi: kumbukumbu inayoonyesha kwamba amelipa, amelipa kiasi gani, amemlipa nani, na kwamba hadaiwi tena. Ushahidi huo usipoheshimiwa njia nzima, mtambo huwa kizuizi kimoja zaidi.

1. Utangulizi

Barabara ya Juba hadi Nimule ina urefu wa kilomita 192. Ilikamilishwa mwaka 2012 kwa ufadhili wa Marekani, ikawa barabara kuu ya kwanza ya lami kuunganisha miji nchini Sudan Kusini. Kabla ya hapo safari ilichukua takribani saa 8. Baada ya lami ilishuka hadi chini ya saa 3. Njia hiyo hupitisha sehemu kubwa ya mafuta, unga, saruji na bidhaa nyingine zinazotoka bandari ya Mombasa na masoko ya Uganda kwenda Juba. Tangu Sudan Kusini ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, umuhimu wa njia hiyo umezidi.

Hata hivyo, muda uliookolewa na lami hupotea kwenye vizuizi. Utafiti wa taasisi za IPIS ya Ubelgiji na DIIS ya Denmark, uliotolewa mwaka 2021, ulihesabu zaidi ya vizuizi 300 katika njia kuu za biashara za Sudan Kusini, za barabara na za mto. Dereva hulipa kwa mamlaka za kitaifa, za majimbo na za kaunti, na pia kwa watu wenye silaha wasiokuwa na idhini yoyote. Kwa hiyo, swali la iwapo madereva watozwe kwa kutumia barabara limekwisha kujibiwa na hali yenyewe: wanatozwa. Swali lililobaki ni iwapo malipo hayo mengi yanaweza kugeuzwa kuwa moja linalojulikana.

Istilahi zinahitaji kutenganishwa mapema. Katika makala hii, ushuru ni malipo yanayotokana na bidhaa, kama yale ya forodha mpakani. Ada ni malipo ya huduma mahususi, kama vile kupima uzito wa gari. Tozo ya barabara ni malipo ya kutumia kipande fulani cha barabara au daraja. Kizuizini maneno haya matatu huchanganywa, na mkanganyiko huo humnufaisha anayetoza. Dereva asiyejua analipia nini hawezi kusema kwamba amekwisha kulipa.

2. Mfumo unavyofanya kazi kwa dereva: Singapore

Singapore ilianza kutoza magari yanayoingia katikati ya mji mwaka 1975, kwa kibali cha karatasi kilichobandikwa kwenye kioo cha mbele na kukaguliwa kwa macho na askari waliosimama kando ya barabara. Mwaka 1998 karatasi na askari hao walibadilishwa kwa mfumo wa kielektroniki.

Kwa dereva, mfumo huo una hatua nne. Kwanza, gari hufungwa kifaa kidogo kwenye kioo cha mbele, kinachotambulisha aina ya gari. Pili, dereva hutia ndani ya kifaa hicho kadi yenye fedha zilizowekwa kabla. Tatu, gari linapopita chini ya lango lililojengwa juu ya barabara, lango huwasiliana na kifaa kwa mawimbi ya redio na kukata kiasi kinachohusika. Gari halisimami wala halipunguzi mwendo. Kiwango cha tozo huonyeshwa kwenye ubao wa lango, na kifaa humwarifu dereva kwamba makato yamefanyika. Nne, gari likipita bila kifaa au bila salio la kutosha, kamera hupiga picha kibao cha namba, na mwenye gari hupelekewa barua ya kudaiwa tozo pamoja na ada ya usimamizi.

Bei hutofautiana kwa mahali, saa na aina ya gari, na hurekebishwa kwa kutazama mwendo wa magari. Barabara kuu za mjini hulengwa kuwa na kasi ya kilomita 20 hadi 30 kwa saa, na barabara za kasi kilomita 45 hadi 65. Msongamano ulipotoweka mwaka 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, tozo zilisimamishwa. Tangu mwishoni mwa 2023, vifaa vya zamani vimekuwa vikibadilishwa kwa vipya vinavyotumia setilaiti.

Lengo la Singapore ni kupunguza msongamano, ilhali Juba inahitaji fedha za kutengeneza barabara. Kwa hiyo viwango na ratiba za kisiwa hicho si vya kuigwa. Kinachofaa kuchunguzwa ni mambo matatu yanayoubeba mfumo na ambayo dereva hayaoni. La kwanza ni daftari la magari linaloaminika: bila hilo, picha ya kibao cha namba haimfikii mtu yeyote. La pili ni mtozaji mmoja. La tatu ni kwamba anayekosa kulipa hushughulikiwa baadaye kwa barua na sheria; hakuna anayemsimamisha barabarani. Udogo wa kisiwa ulirahisisha yote matatu, kwa kuwa nchi ni mji mmoja wenye serikali moja.

3. Uzoefu wa Afrika Mashariki

Barabara ya Kampala–Entebbe ilifunguliwa mwaka 2018, lakini tozo zilianza tarehe 8 Januari 2022. Katika kipindi hicho magari yalipita bure. Msingi wa kisheria ulipatikana katika Sheria ya Barabara ya mwaka 2019, na mwendeshaji alipaswa kupatikana baada ya hapo. Funzo lake ni la mpangilio: sheria ilitangulia mtozaji. Dereva wa Uganda anaweza kulipa taslimu au kwa kadi, na viwango hutangazwa kwa makundi ya magari.

Barabara ya juu ya Nairobi, yenye kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilianza kutumika Mei 2022. Hapo dereva ana njia tatu: fedha taslimu, kadi ya malipo ya kabla, au kifaa cha garini kinachofungua kizuizi chenyewe. Tozo hukokotolewa kwa umbali. Januari 2024, baada ya shilingi ya Kenya kudhoofika dhidi ya dola, kiwango cha juu kwa gari dogo kilipanda kutoka shilingi 360 hadi 500. Mkataba unaofungamanishwa na fedha ya kigeni humhamishia dereva hatari ya sarafu. Kwa Sudan Kusini, ambako pauni imeporomoka kwa miaka mingi tangu ilipoachwa ielee mwishoni mwa 2015, jambo hilo ni zito zaidi.

Dar es Salaam inatoa mafunzo mawili. Daraja la Kigamboni lilifunguliwa mwaka 2016 likiwa na tozo za kurejesha fedha za mfuko wa hifadhi ya jamii ulioligharimia, na viwango vilipunguzwa mwaka 2022 kufuatia malalamiko ya watumiaji wa kila siku. Pia, mwaka 2021 Tanzania iliweka tozo kwenye miamala ya simu, kisha ikazipunguza baada ya wananchi kulalamika. Tukio hilo la pili halihusu barabara, lakini linagusa kila mpango wa kulipia barabara kwa simu: serikali ikitoza malipo ya barabara na wakati huohuo ikatoza njia ya kuyalipia, dereva hurudi kwenye fedha taslimu.

4. Njia ya Nimule: elektroniki juu ya vizuizi

Sudan Kusini imekwisha kuonja malipo ya kielektroniki ya barabarani, ingawa si kwa jina la tozo. Februari 2024 serikali iliweka malipo mapya kwa magari ya mizigo, yakiwemo ya ufuatiliaji wa shehena kwa njia ya kielektroniki, ya ulinzi wa misafara na ya mafuta. Malori yalikwama mpakani Nimule. Umoja wa Mataifa ulisitisha udondoshaji wa chakula kwa ndege kwa kuwa akiba ya mafuta ilikuwa imepungua, na watu 60,000 wakakosa msaada mwezi Machi pekee. Mwezi Mei serikali iliuondolea Umoja wa Mataifa malipo hayo.

Ufuatiliaji wa shehena kwa njia ya kielektroniki si wazo baya. Kenya, Uganda na Rwanda zimekuwa na mfumo wa pamoja tangu 2017, ambapo kufuli maalumu hufungwa kwenye kontena na kutuma taarifa za mahali lilipo. Lengo la mfumo huo ni kupunguza ukaguzi njiani, kwa sababu mzigo uliofungwa mwanzoni hauna haja ya kufunguliwa tena kabla ya kufika. Malipo ya 2024, kinyume chake, yaliongezwa juu ya yale yaliyokuwepo, bila hata kizuizi kimoja kuondoka kama fidia. Kwa mwenye lori, hicho kilikuwa kizuizi kipya.

Madhara ya kusimamishwa hayaishii kwenye fedha. Gari lililosimama ni rahisi kushambuliwa. Mwaka 2021 madereva wa malori kutoka Kenya na Uganda waligoma kuvuka Elegu, upande wa Uganda wa mpaka, baada ya wenzao kuuawa katika barabara za Sudan Kusini. Kwa dereva huyo, kupita bila kusimama ni suala la uhai kabla ya kuwa suala la muda. Kisha kila malipo ya njiani huingizwa katika bei, na anayeyalipa mwishowe ni mnunuzi wa unga katika soko la Konyokonyo.

Upande wa pili wa jambo hili haupaswi kufichwa. Wengi wanaosimamia vizuizi ni askari na watumishi ambao mishahara yao huchelewa kwa miezi. Kizuizi ndicho mshahara wao. Amri za kuondoa vizuizi haramu zimetolewa mara kadhaa, na vizuizi vimerudi kila mara, kwa kuwa amri haikuja na malipo mbadala. Tozo ya kielektroniki hupeleka fedha kwenye akaunti moja. Isipokuwa na utaratibu wa kuwafikia waliokuwa wakiishi kwa kizuizi, itapingwa na watu wenye bunduki.

5. Masharti ya mfumo unaofaa

Kutokana na hayo, masharti matano yanajitokeza.

Kwanza, sheria itangulie mtambo, kama Uganda ilivyofanya, na iseme wazi kwamba aliyelipa tozo ya Nimule–Juba hatadaiwa malipo mengine ya kutumia barabara hiyo. Katiba ya Mpito ya mwaka 2011 inagawa vyanzo vya mapato kati ya serikali ya kitaifa na majimbo. Kwa hiyo mgawo wa jimbo la Ikweta ya Kati na la Ikweta ya Mashariki sharti uandikwe katika sheria hiyohiyo.

Pili, malipo yafanyike mara moja, mpakani au Juba, pale ambapo lori tayari limesimama kwa sababu ya forodha. Milango ya juu ya barabara ya aina ya Singapore haihitajiki kwenye njia ambayo magari mengi ya mizigo huanzia au kuishia katika kituo kimoja.

Tatu, risiti isomeke bila mtandao. Namba fupi katika simu ya kawaida, pamoja na karatasi yenye alama ya kusomwa kwa kamera, humtosha dereva katika maeneo yasiyo na mawasiliano. Huduma za fedha kwa simu zipo Juba tangu 2019, lakini dereva mgeni huwa na laini ya Kenya au Uganda. Fedha taslimu nazo zikubaliwe, mradi zitoe risiti ileile.

Nne, lugha ya risiti. Dereva wa Mombasa au Eldoret na askari wa Juba aghalabu hukutana kati ya Kiswahili na Kiarabu cha Juba. Risiti iandikwe Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, ikitaja kiasi, tarehe, kibao cha namba na kipande cha barabara kilicholipiwa. Ushahidi usiosomwa na anayeuomba hauna nguvu.

Tano, sehemu ya makusanyo itengwe kwa mishahara ya doria za barabara na kwa matengenezo, na hesabu zitangazwe. Dereva anayeona mashimo yakizibwa hulipa kwa manung'uniko machache zaidi.

6. Hitimisho

Singapore ilifika kwenye malango yake ya kielektroniki ikiwa tayari na daftari la magari, mtozaji mmoja na sheria inayomfuata mdaiwa nyumbani. Teknolojia ilikuja kuharakisha utaratibu uliokuwa umekaa sawa. Juba ina mpangilio wa kinyume: vifaa vinaweza kununuliwa kwa mkataba mmoja, ilhali utaratibu bado haujakaa. Kwa sababu hiyo, kipimo cha mafanikio ya tozo ya kielektroniki katika barabara ya Nimule kisiwe kiasi cha fedha kilichokusanywa katika mwaka wa kwanza. Kiwe idadi ya mara ambazo lori lililolipa mpakani limesimamishwa kabla ya kufika Juba. Idadi hiyo inaweza kuhesabiwa na madereva wenyewe, na sera yoyote inayopendekezwa ingefaa ianze kwa kuwauliza.