Nduthi Ikizima Kwa Maji, Kwanza Uliza Ilizima Saa Gani

Mvua ya Aprili ikishika bonde la Lambwe, ile udongo nyeusi inageuka gundi. Inajaa chini ya madgadi mpaka tairi ya mbele inagoma kuzunguka. Ndo maana ukipita masteji za Ndhiwa utacheki nduthi kadhaa madgadi ya mbele imechomolewa, ama imeinuliwa juu kabisa. Matope sasa haishikani, fiti. Lakini kila dimbwi unakanyaga, tairi inarushia injini maji usoni, pale pale plagi inakaa. Kitu inakohoa, inakohoa tena, inadedi. Uko katikati ya Rodi Kopany na Ndhiwa, mathee wa omena ako nyuma na gunia yake, na soko haimngoji.

Hapo wasee wengi wanaingia kiki. Kiki, kiki, kiki, mpaka mguu unauma. Ikikataa, inasukumwa kwa fundi, fundi anasema CDI, ile boksi ya kupangia plagi cheche, imechapa. Unatoa ganji, CDI mpya inafungwa, nduthi inawaka. Omera, hebu tuliza hapo. Kati ya kuzima na kuwaka kulipita masaa, na jua lilikuwa linawaka. Mara mingi jua ndo lilitengeneza hiyo nduthi, na mvua ijayo itazima tu vile vile, CDI mpya ikiwa ndani. Hii kitu inaniuma, juu hiyo doh ilikuwa ya unga na ya loni ya nduthi yenyewe.

Kabla ushike spana, jiulize swali moja: ilizima saa gani? Maji inaua injini kwa njia tofauti, na kila njia ina saa yake.

Tuseme ilizima ukiwa bado ndani ya maji, na ukaisukuma nje ikawaka bila stori. Hapo usiguse waya yoyote. Cheki kabureta. Kabureta mingi ina vimpira vyembamba vinaning'inia upande wa chini, na kimoja kazi yake ni kuingiza hewa kwa kibakuli cha mafuta. Mdomo wake ukizama, hewa haiingii, mafuta inakosa kushuka, injini inakufa na njaa kama tenki imejaa. Dawa ni kuongeza mpira urefu na kuupandisha juu, mdomo ukae chini ya kiti. Ukiwa na kile kiungo cha njia tatu ni poa zaidi, njia moja ibaki chini, ingine ipande. Ila usichanganye na mpira wa kumwaga mafuta ya ziada, huo uache ushuke. Wasee wa kuendesha quad kwa matope huko majuu hii ndo huanza nayo, na nduthi ya kabureta inafuata sheria hiyo hiyo.

Lakini kama ilianza kukohoa kwa mvua, ikazima pole pole, halafu ikafufuka baada ya kukaa juani, hiyo ni stima. Plagi inahitaji volti elfu 10 na zaidi ndo cheche iruke. Stima ya nguvu hivyo ikipata kofia ya plagi imepasuka ama waya imechubuka, na kuna maji juu yake, haitajisumbua kuruka kwa plagi. Inateleza na maji mpaka kwa chuma ya injini, imeishia hapo. Injini ikiwa moto ni mbaya zaidi, juu maji baridi ikiigonga mvuke unaingia mpaka ndani ya kofia.

Kujua penye inavuja hakuhitaji mashine. Ngoja giza, washa nduthi ikiwa kwa stendi, chukua kichupa cha kupuliza maji, anza na kofia. Puliza kidogo tu. Kisha waya. Kisha koili. Sehemu moja kwa wakati, na mikono ikae mbali, hiyo stima inapiga. Penye kuna shida utaona vicheche vya buluu vikicheza, ama injini itakohoa wakati huo huo. Sasa unajua unanunua nini, na kofia ya plagi ni doh kidogo sana ukiweka kando ya CDI.

Kofia mpya ikifungwa, paka grisi ya silikoni kwa mdomo wake wa mpira. Ukikosa, Vaseline kidogo itakusongesha kwa sasa. Usifunge plagi na karatasi za plastiki: zilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, na hata hivyo hazikuwa dawa, zinashika unyevu ndani na zinayeyuka zikigusa injini. Badala yake, kata kipande cha chubu ya zamani, ining'inize mbele ya injini kama kizuizi. Madgadi yako ya mbele nayo, msimu wa matope ukiisha, irudishe.

Kuna ile ingine ya mjanja. Mvua iliisha juzi, barabara imekauka, na nduthi bado inazimazima. Hapo maji iko kwa mafuta. Iliingilia kwa kifuniko cha tenki, ama ulinunua petroli ya chupa kando ya barabara huko Nyatike na haikuwa safi. Maji ni nzito kuliko petroli, kwa hivyo inalala chini ya kibakuli cha kabureta. Injini ikiwa imepoa, fungua kiskrubu cha chini, kinga na chupa ya glasi, acha itulie. Ukiona tabaka mbili, umepata mwizi. Mwaga na ya tenki pia, na mwenye sigara akae mbali.

Ile ya kuogopesha ni hii: umeingia deep, imezima ghafla, na kiki yenyewe imekataa kushuka. Usilazimishe, na usiombe mbogi ya steji ikusukume. Maji ikiingia kwa silinda haifinyiki kama hewa, na ukiilazimisha konrodi inapinda. Toa plagi, zima swichi, piga kiki pole pole maji irukie nje. Kisha cheki oili. Ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, usiwashe hata dakika moja. Mwaga, weka mpya, endesha kidogo, mwaga tena.

Na kuna maji hatufai kuingia kabisa. Mto Kuja ukishuka kutoka milima ya Kisii unafika Nyatike ukiwa umebeba mvua ya huko juu yote, na ukivunja kingo unaweza kukuta maji kwa barabara na juu yako hakuna hata wingu. Masika ya 2024 iliona mafuriko hapo chini, na Ziwa Victoria lenyewe likapanda vibaya. Maji imesimama, vuka kwanza na mguu upime. Ikifika kwa kabureta, rudi. Maji inakimbia na imefika magoti, rudi, hata kama kasto ni mchimba dhahabu wa Macalder na amekupa mara mbili. Ikiwa ni ya kuvukika, kasto ateremke, ingia na gia ya kwanza, shika mafuta sawa sawa bila kuachilia, ndo moshi iendelee kusukuma maji itoke kwa egzosti.

Ukitoka upande ule mwingine, breki za dramu zimelowa na hazishiki. Tembea mdogo mdogo ukizibana kidogo kidogo zipate moto zikauke. Zikishika, pakia mathee na gunia yake.